Jibu la Damu: ni la Mtoto au la Kondo?

Mama mpenzi, ukiambiwa kwamba kipimo cha damu kimeonyesha huenda mtoto tumboni ana kasoro ya kromosomu, usikate shauri siku hiyo hiyo. Sisi wauguzi twapenda kwanza ujue kilichopimwa.

Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kuwa damu ya mjamzito ina vipande vya vinasaba vya mimba. Siku hizi hupimwa kuanzia wiki ya 10. Lakini vipande hivyo hutoka hasa kwenye kondo la nyuma. Kwa kawaida seli ya mtu ina kromosomu 46. Mara chache kondo huwa na ya ziada, na mtoto hana. Hapo mama aweza kumlilia mtoto aliye mzima.

Ili kuthibitisha, kuanzia wiki ya 15 daktari huchota kwa sindano maji kidogo yanayomzunguka mtoto. Hatari ya mimba kutoka ipo, ingawa ni ndogo, mwulize.

Hata mtoto akiwa hana kasoro, usiache kliniki, kwani kondo lenye kasoro laweza kudumaza ukuaji wake. Nenda na mumeo, mkaulize pamoja.