Kabla ya kuuliza njia, jua unakokwenda



Siku hizi si ajabu kupanda gari na kumkuta dereva akiongozwa na kifaa cha GPS kilichobandikwa karibu na usukani, au na simu yake. Anaandika anakokwenda, kifaa kinamchorea njia, kinamtajia umbali na muda, kisha kinamwelekeza kona kwa kona hadi kimwambie amefika.

Mwaka 2008, nchini Uingereza, teksi ilipewa kazi ya kumpeleka abiria kutazama mechi ya Chelsea katika uwanja wa Stamford Bridge, jijini London. Wapenzi wa soka wanaujua uwanja huo. Kumbe kipo pia kijiji kiitwacho Stamford Bridge, huko Yorkshire, kaskazini mwa nchi. Dereva alifuata kifaa, na safari ikaishia kijijini, zaidi ya kilomita 200 kutoka uwanjani. Kifaa kilitimiza kazi yake: kililifikisha gari Stamford Bridge. Kilichokosewa ni mwisho wa safari.

Uwezo wa kifaa hiki ni wa kustaajabisha. Kinapokea ishara za setilaiti zinazozunguka dunia kwa urefu wa takribani kilomita 20,000, na kwa kawaida huhitaji setilaiti zisizopungua nne ili kijue gari liko wapi. Kikishajua, huchagua njia kadiri ulivyokiagiza: ya haraka, iliyo fupi, au isiyo na malipo. Lakini swali moja hakikuulizi kamwe: je, huko unapaswa kwenda? Kitakupeleka kanisani, na kitakupeleka kwa nyumba ndogo, kwa sauti ileile ya upole.

Wakristo wengi tunamfanya Mungu kuwa kifaa cha namna hiyo. Mwisho wa safari tumeshauandika wenyewe: cheo, kiwanja, gari, shule fulani kwa mtoto. Kisha tunapiga magoti kuomba njia tu. Tunafunga, tunatoa sadaka, tunaweka nia za Misa, lakini hatumwulizi kama huko ndiko anakotuita. Njia ikifunguka tunashukuru; ikifungwa tunanuna.

Wachumba wanapokuja parokiani kwa mafundisho ya ndoa, huwa nawauliza: mnakwenda wapi? Majibu huja upesi: ukumbi umelipiwa, kamati inakaa vikao, michango inaingia, sendofu ni wiki ijayo. Nikiuliza, "Na baada ya ukumbi?", wanatazamana. Njia ya kufika ukumbini imepangwa kona kwa kona. Miaka 40 inayofuata haijapangiwa kitu.

Yupo pia baba aliyehangaika miaka mingi ili familia yake iishi vizuri. Sasa amefika: nyumba ipo, geti lipo. Lakini watoto humwamkia kama mgeni, na mkewe amezoea kula peke yake.

Mtume Tomaso aliliona jambo hili. Katika Karamu ya Mwisho alimweleza Bwana kwamba hawajui aendako, hivyo njia wataijuaje? Yesu hakumpa ramani. Alijitaja mwenyewe kuwa ndiye njia, na akaonyesha kwamba safari yenyewe ni ya kwenda kwa Baba. Anayemtaka Kristo awe njia yake hana budi kukubali pia mwisho ambao Kristo anampeleka.

Na aliyegundua kwamba amepotea afanyeje? Dereva akipita kona, kifaa hakimtukani. Hutafuta njia mpya kuanzia pale alipo, si pale ambapo angependa aonekane yupo. Ndiyo maana toba huanza kwa kusema ukweli. Mwana mpotevu alianza safari ya kurudi kwa baba yake akitokea kwenye nguruwe, kabla hajaoga wala kubadili nguo. Kiti cha kitubio hakimngoji mtu aliyekwisha kuwa safi.

Lakini tusisahau: usipofuta mwisho wa safari uliouandika, kila njia mpya itakurudisha kulekule. Wapo wanaobadili njia tu. Anaacha rushwa ya kazi hii, anaipokea ya kazi ile, kwa sababu lengo lake bado ni utajiri wa haraka. Kuongoka ni kubadili unakokwenda.

Leo jioni, kabla wiki mpya haijaanza na mbio zake, mume na mke wazime televisheni, waulizane: sisi tunakwenda wapi? Kijana naye, kabla hajamwomba Mungu amfungulie mlango, amwulize kwanza ni mlango upi. Jibu linaweza kuchelewa. Afadhali kuchelewa nyumbani ukiuliza kuliko kuwahi kufika mahali usipongojewa na mtu.

Nawatakia Dominika njema.