Kabla ya kuhesabu fedha, hesabu pumzi za mtoto

Mwaka 2020 Burundi ilifunga mipaka kwa hofu ya korona, ila shule na masoko yake viliendelea. Uganda ilifunga shule kwa karibu miaka miwili. Leo malori na akina mama wenye vikapu wanapita tena Kobero, mpakani mwa Muyinga na Ngara, na mizigo inafika Gitega kwa njia ya Karusi. Mafua nayo hayaulizwi pasi.

Kilichotokea kwingine wataalamu walikiita deni la kinga, na mfanyabiashara anajua deni ni nini. Virusi vya RSV, ambavyo huwapata karibu watoto wote kabla ya kutimiza miaka miwili, vilipungua sana watu walipojitenga. Vizuizi vilipolegezwa, vililipuka nje ya msimu wake: Australia mwishoni mwa 2020, Marekani mwaka 2021. Watoto wengi waliugua kwa mpigo.

Mtoto anayebebwa mgongoni kutoka soko hadi soko hukutana na vikohozi vya miji mingi. Basi lililojaa na madirisha yamefungwa, na chumba cha kulala chenye moshi wa makaa, humzidishia hatari.

Mafua mengi hupona yenyewe. Nimonia haingoji siku ya soko ipite. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo.

Tangu 2006 Burundi inawatibu bure watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Kinachowachelewesha wengi ni hofu ya kupoteza mauzo ya siku moja. Chanjo ya nyumokoka, iliyoanza kutolewa nchini humo mwaka 2011, haizuii RSV, lakini hukinga dhidi ya bakteria wanaoleta nimonia kali.

Anayesafiri na mtoto aiweke kadi ya chanjo pamoja na hati ya kuvukia mpaka. Zote mbili ni za safari.