Je, Wajua? Joto la Kumuua Funza wa Embe

Je, wajua kwamba funza wa ndani ya embe hakutoboa njia ya kuingilia? Inzi jike ndiye aliyechoma ganda na kutaga mayai chini yake. Ukichagua embe kwenye masoko ya Birere au Kituku, hapa Goma, geuza taratibu utafute kidoa cheusi, pengine chenye tone la utomvu lililokauka. Hapo ndipo alipochoma.

… kwamba msumbufu mkubwa kati ya inzi hawa, *Bactrocera dorsalis*, ni mgeni kutoka Asia? Alionekana pwani ya Kenya mwaka 2003, akasambaa nchi kwa nchi hadi kwetu Kongo. Mwaka 2014 Kenya ikalazimika kusitisha yenyewe kuuza maembe Ulaya, ikarudi sokoni 2021.

… kwamba baridi ya Goma humchelewesha tu? Kwenye nyuzi 15, yai huchukua takriban siku 75 kuwa inzi. Kwenye 30, siku 18 hivi. Kwenye 35 hakuna inzi anayetoka.

… kwamba maji ya moto humuua bila tone la dawa? Marekani hukubali maembe ya Amerika ya Kilatini yakizamishwa kwenye maji ya nyuzi 46.1 kwa dakika 65 hadi 110, kulingana na ukubwa na umbo, maana joto lazima lifike hadi karibu na kokwa. Likizidi, ganda linababuka na nyama inabaki na mabaka magumu. Likipungua, funza anapona.

… kwamba mdudu aliyepashwa joto polepole hupata nguvu ya kulistahimili? Mwili wake hutengeneza protini za kujikinga. Dalili ya kwanza aliiona Mtaliano Ferruccio Ritossa, akaichapisha 1962, akichunguza ndugu wa vile vijinzi vinavyozunguka ndizi mbivu.

… kwamba Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100? Changanya ndoo moja ya maji yanayochemka na mbili za maji ya nyuzi 20: Mombasa utapata karibu 47, Goma 45. Tofauti hiyo inaweza kumwacha funza hai. Anayetaka kujaribu kazi hii asikisie kwa kidole, anunue kipimajoto kwanza.

… kwamba kuharakisha kupoza ni hatari? Embe likitoka majini, joto bado linasafiri kuelekea ndani. Kanuni ya Marekani ni kusubiri dakika 30 kabla ya kulipoza kwa maji. Asiyesubiri huongeza dakika 10 za kuzamisha.

… kwamba embe bovu likitupwa nyuma ya meza, funza hutoka, huingia udongoni na kurudi akiwa na mabawa? Lifunge kwenye mfuko mweusi usio na tundu, uuanike juani siku kadhaa. Wiki ya mawingu, uache zaidi.