Tathmini ya Uzito wa Masuala ya Uendelevu katika Kampuni za Teknolojia: Nani Huulizwa?

Makala hii inaeleza namna kampuni za teknolojia zinavyobaini masuala ya uendelevu yanayostahili kutolewa taarifa. Mitazamo miwili huongoza kazi hiyo. Kwa mujibu wa viwango vya IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023, taarifa ina uzito iwapo kuiacha kunaweza kuathiri uamuzi wa wawekezaji. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2022/2464, kwa upande wake, linataka uzito upimwe pande mbili: jinsi masuala ya mazingira na jamii yanavyoathiri fedha za kampuni, na jinsi kampuni inavyoathiri watu na mazingira. Suala likitimiza kigezo kimojawapo, hutolewa taarifa.

Kiutaratibu, kampuni huanza kwa kuainisha mnyororo wake wa thamani, kuanzia madini hadi taka za kielektroniki. Kisha huorodhesha athari, hatari na fursa, hushirikisha wadau, na hatimaye hupima. Athari hasi hupimwa kwa ukubwa wake, upana wake na ugumu wa kuirekebisha. Ile ambayo haijatokea hupimwa pia kwa uwezekano wa kutokea. Lakini haki za binadamu zinapohusika, ukali hutangulia uwezekano.

Hatua ya kwanza huamua mengine yote. Taarifa ya Microsoft ya mwaka 2024 inaonesha kuwa zaidi ya 96% ya gesijoto zake hutokana na mnyororo wa thamani. Kampuni inayotazama ofisi zake pekee huacha sehemu kubwa ya athari zake.

Ushirikishaji wa wadau una udhaifu kama huo. Hojaji huwafikia kwa urahisi wafanyakazi, wateja na wawekezaji. Kobalti ya betri za simu hutoka kwa wingi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hususan maeneo ya Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo huingia mashimoni na zana za mkono. Wastani wa majibu ukifanywa kipimo, faragha ya data inaweza kupanda na usalama wa mchimbaji ukashuka, kwa kuwa aliye hatarini hakuulizwa.

Hivyo basi, ukali upimwe kwa ushahidi wa athari, si kwa idadi ya kura. Wachimbaji wasikilizwe kupitia vyama vyao vya ushirika, kwa Kiswahili wanachokizungumza. Aidha, kampuni iandike sababu ya kuacha kila suala, ili mkaguzi aweze kuihoji.