Kamera Haikuchagulii Raba

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist, mjini Dallas, walieleza jambo la ajabu kuhusu Usain Bolt, mtu aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58: miguu yake haikimbii sawasawa. Peter Weyand na wenzake walichambua video ya mbio zake za Monaco za mwaka 2011, wakakadiria kuwa mguu wa kulia uliikita ardhi kwa nguvu iliyozidi ya mwenzake kwa asilimia 13 hivi, huku wa kushoto ukibaki chini kwa muda uliozidi kwa asilimia 14. Bolt mwenyewe amesimulia kwamba uti wake wa mgongo umepinda na mguu wa kulia ni mfupi kidogo.

Sasa mchukue Bolt, mfiche jina, mwingize kwenye duka la vifaa vya michezo lenye mashine ya kukimbilia na kamera. Nina hakika angetoka na raba za bei mbaya na ushauri wa kunyoosha mwendo. Watafiti wale walikuwa waangalifu zaidi: walisema huenda mwili wake umejipanga hivyo kwa sababu ndivyo unavyokwenda vizuri, na kumlazimisha alinganishe miguu kungeweza kumpunguzia kasi.

Si kwamba uchambuzi wa mwendo ni ulaghai. Kila hatua ya kukimbia hutua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, tena ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na jicho tupu haliwezi kufuata. Video ikipunguzwa kasi huonyesha mengi: wayo unatua mbele ya mwili kwa umbali gani, goti linaingia ndani au la, nyonga ya upande mmoja inashuka kila mguu wa upande huohuo unaponyanyuka. Tatizo huanza pale picha inapogeuzwa kuwa risiti.

Kwa miaka mingi maduka yamefuata kanuni moja. Lowesha unyayo, kanyaga karatasi. Alama ikijaa, una wayo bapa, kwa hiyo mguu wako unalalia ndani kupita kiasi. Chukua raba ngumu ya kuuzuia. Alama ikiwa nyembamba katikati, tao lako ni la juu. Chukua raba laini. Aliye kati hupewa ya kati. Kanuni inavutia kwa sababu inaeleweka haraka, lakini inasahau kwamba kulalia ndani si ugonjwa. Wakimbiaji wengi hutua kwa ukingo wa nje wa kisigino, kisha wayo hulalia ndani kidogo, na kwa kufanya hivyo hupunguza mshtuko kabla haujafika gotini.

Jeshi la Marekani liliipima kanuni hiyo kwa maelfu ya makuruta. Kundi moja lilipewa raba kulingana na umbo la nyayo, jingine likapewa aina moja tu bila kujali umbo. Matokeo, yaliyochapishwa kuanzia 2009, yalionyesha kuwa walioumia katika makundi hayo hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kule Denmark, watafiti waliwafuatilia wanaoanza kukimbia 927 kwa mwaka mmoja, wote wakiwa na raba za kawaida. Waliokuwa na nyayo zinazolalia ndani hawakuumia zaidi. Kwa kila kilomita 1,000 waliumia kidogo kuliko wenzao.

Mwaka 2016, hata hivyo, jaribio la Luxembourg liliwapa wakimbiaji 372 raba za aina mbili kwa bahati nasibu, na zile za kuzuia mguu zikaonekana kupunguza majeraha, hasa kwa wenye nyayo zinazolalia ndani. Kwangu mimi, tafiti hizi zinaweza kukaa nyumba moja. Umbo la wayo halitabiri nani ataumia, ingawa wapo ambao kiatu cha kuzuia huwafaa. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary alipendekeza kipimo kingine: mwili una njia yake unayoipenda, na kiatu kisichoipinga huhisiwa kuwa cha starehe. Hiyo bado ni nadharia, lakini haina gharama kuifuata.

Kwetu kuna kikwazo chake. Wengi tunanunua mtumba, katika masoko kama Karume au Gikomba, na raba ya mtumba imeshafundishwa kukimbia na mtu mwingine. Sponji ya ndani ya soli hubonyea pale alipokanyaga zaidi, hata kama juu kiatu kimesuguliwa kikang'aa. Kabla ya kupatana bei, weka pea hiyo juu ya meza na uitazame kwa nyuma. Kisigino kikilala upande, au kimoja kikiwa kimelika kuliko kingine, rudisha.

Mwendo usiolingana unastahili hofu pale unapokuwa mpya au unapofuatana na maumivu ya upande mmoja. Hapo nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa mguu unaoonekana mfupi pengine una mfupa wenye urefu kamili, ila nyonga imeinama kwa misuli iliyokaza au iliyolegea. Kuweka kipande cha kunyanyua kisigino bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili ni kubahatisha. Na kama mfupa ni mfupi kweli, nyongeza huanza kwa milimita chache, mwili uzoee.

Kwa wengine, kuna jambo la kujaribu kabla ya kutoa pesa. Utafiti uliofanywa Wisconsin na kuchapishwa 2011 ulionyesha kuwa kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 hadi 10, kasi ikibaki ileile, hupunguza mzigo gotini. Anayepiga hatua 160 kwa dakika anahitaji kufika 168 tu: hatua fupi zaidi, wayo ukitua karibu na mwili, katika raba zilezile alizonazo.