Zuhura Kajifunika Gubigubi

Mnaijua Zuhura, wanangu: ile inayowaka magharibi jua likishazama, na miezi mingine huonekana mashariki alfajiri. Usiku, ukiacha mwezi, hakuna kinachoishinda kwa kung'aa. Lakini ielekezee darubini uone: weupe mtupu. Mawingu ya asidi ya salfa yameifunika gubigubi, wala hayafunguki hata siku moja.

Basi si tushuke tukaone? Wasovieti walithubutu. Chombo chao Venera 13 kilitua mwaka 1982, kikapiga picha za miamba, na baada ya dakika 127 kikanyamaza. Huko chini joto linapita nyuzi 450. Hata madini ya risasi yanayeyuka.

Dawa ikawa rada. Mwaka 1990 Magellan, chombo cha Marekani, kilianza kuizunguka Zuhura kikifanya kama popo gizani: kinatuma mawimbi ya redio, yanapenya mawingu, yanagonga ardhi na kurudi, nacho kinapima yamechukua muda gani na yamerudi na nguvu kiasi gani. Kufikia 1994, asilimia 98 ya sayari ilikuwa imeshachorwa.

Ukiziona picha hizo, usidanganyike. Penye weupe si theluji wala si jua. Ardhi yenye mawe na mabonde huyatawanya mawimbi kila upande, mengine yakarudi kwenye chombo, ndiyo ikaonekana nyeupe. Uwanda laini huyatupa pembeni yakapotelea huko, ukaonekana mweusi. Na ile rangi ya chungwa ya vitabuni? Imepakwa baadaye. Mimi nazipenda bila rangi.

Utamu wenyewe ulichelewa miaka thelathini. Robert Herrick, mtafiti wa Alaska, alikaa akilinganisha picha za zamani za mahali pamoja, kazi ya kuchosha kwelikweli, maana chombo kilipita kikitazama kwa pembe tofauti. Karibu na mlima Maat Mons akaona tundu la volkano ambalo Februari 1991 lilikuwa la duara. Oktoba mwaka huohuo lilikuwa limepanuka karibu mara mbili na umbo lake limeharibika. Yeye na mtafiti mwenzake Scott Hensley wakatangaza mwaka 2023: volkano ile ilikuwa hai.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Italia wakazipekua picha za Magellan, wakakuta dalili za lava mpya sehemu nyingine mbili.