Bingwa Aliyelenga Ini

Weka kiganja chako chini ya mbavu za upande wako wa kulia. Hapo ndipo ini lilipo. Sehemu yake kubwa imefunikwa na mbavu, lakini ukingo wa chini hauna ngao yoyote isipokuwa ngozi, mafuta kidogo na nyama ya tumbo. Julio César Chávez, bondia wa Mexico, alipajua mahali hapo vizuri kuliko watu wengi waliosomea utabibu. Ngumi yake ya mkono wa kushoto ilipita chini ya kiwiko cha mpinzani na kutua hapo hapo, raundi baada ya raundi.

Mtu akipigwa kwenye ini haanguki papo hapo. Hupita kitambo kidogo, kama sekunde moja, ndipo magoti yanakunjika. Ini lenyewe kwa ndani halisikii maumivu, bali utando unaolifunika ndio unaosikia, tena sana. Likitikiswa kwa nguvu, habari hupita kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye moyo. Mapigo hupungua, shinikizo la damu hushuka ghafla, pumzi hukata. Aliyeanguka ana akili zake timamu na anamsikia mwamuzi akihesabu, ila mwili unakataa kuinuka.

Chávez alizaliwa tarehe 12 Julai 1962 huko Ciudad Obregón, akakulia Culiacán, kaskazini magharibi mwa Mexico. Baba yake alifanya kazi kwenye reli, na familia hiyo yenye watoto 10 iliishi ndani ya behewa la treni lililoachwa. Mama alifua na kupiga pasi nguo za watu. Kijana alimwahidi mama yake kwamba siku moja atamnunulia nyumba. (Nimesoma habari za mabingwa wengi, na karibu zote zina mama anayefua.)

Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1980, akiwa na miaka 17. Tarehe 13 Septemba 1984, mjini Los Angeles, alimshinda Mario Martínez na kutwaa mkanda wa Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, katika uzito wa kilo 59. Mwaka 1987 alipanda hadi kilo 61 akampiga Edwin Rosario wa Puerto Rico. Mwaka 1989 akapanda tena hadi kilo 63 na nusu, akamnyang'anya Roger Mayweather mkanda wake. Huo ni ubingwa katika uzito wa aina tatu, na hakuwa amepoteza pambano.

Pambano ambalo watu hawaachi kulizungumza ni la tarehe 17 Machi 1990, Las Vegas, dhidi ya Meldrick Taylor wa Marekani. Naye Taylor alikuwa hajapigwa na mtu. Alikuwa mwepesi wa mikono, na kwa raundi nyingi alimpiga Chávez ngumi nyingi kuliko alizorudishiwa. Majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa Taylor uongozi usioweza kufikiwa kwa pointi. Lakini hizo alizorudishiwa zilikuwa nzito. Katika raundi ya 12, ya mwisho, Chávez alimwangusha. Taylor akasimama, mwamuzi Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, hakupata jibu, akasimamisha pambano. Zilikuwa zimebaki sekunde 2 tu.

Watu wanabishana hadi leo kama Steele alitenda haki. Mimi kama muuguzi nipo upande wake. Taylor alitolewa ulingoni akapelekwa hospitali, mfupa wa uso umevunjika na damu nyingi ameimeza. Miaka iliyofuata ulimi wake ukawa mzito, maneno yakatoka kama ya mtu aliyelewa. Hilo halikuwa jambo jipya: daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia wa namna hiyo tangu mwaka 1928. Ubongo wetu umekaa ndani ya fuvu ukielea kwenye maji. Kichwa kinapopigwa, fuvu husimama lakini ubongo huendelea kwenda, ukajigonga na kujinyonga. Nyuzi zake hukatika kidogo kidogo, na zilizokatika hazishonwi. Mwenye pambano moja na mwenye mapambano mia hawana ubongo wa aina moja.

Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, alikufa siku chache baada ya kuangushwa katika raundi ya 14. Ndipo WBC, yenye makao yake Mexico, ikapunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Fikiri Taylor na Chávez wangeendelea raundi tatu zaidi.

Tarehe 20 Februari 1993 watu zaidi ya 130,000 walijaa uwanja wa Azteca, Mexico City, kumtazama Chávez akimpiga Greg Haugen, Mmarekani aliyekuwa amewakejeli wapinzani wake wa nyuma kwamba ni madereva wa teksi wa Tijuana. Pambano liliishia raundi ya 5. Haugen akakubali kwamba basi madereva hao walikuwa wagumu sana.

Lakini wakati huo bingwa alikuwa na mgonjwa nyumbani, na mgonjwa huyo ni yeye mwenyewe. Chávez amesimulia hadharani mara nyingi kwamba pombe haikumpata kwenye behewa la treni. Ilimpata akiwa tayari bingwa, ana fedha, ana marafiki wa kila meza, na baadaye ikafuata kokeini. Wengi tunadhani mtu hunywa kwa sababu ya dhiki. Huyu alianza kunywa katika ushindi. Na mtu anayeshinda kila Jumamosi, nani atamwambia aache?

Tarehe 29 Januari 1994, akiwa na mapambano 90 bila kushindwa, aliangushwa chini kwa mara ya kwanza na Frankie Randall, akapoteza kwa pointi. Siwezi kuandika hapa kwamba chupa ndiyo iliyomwangusha, maana Randall alipiga ngumi safi. Ninachojua ni kwamba pombe hunyima mwili usingizi wa kweli, hukausha maji, na huchelewesha mkono na jicho. Mwaka 1996 Oscar De La Hoya, kijana wa Los Angeles mwenye wazazi wa Kimexico, alimpasua juu ya jicho tangu raundi ya kwanza, na katika ya 4 pambano likasimamishwa. Alipigana mara ya mwisho Septemba 2005, akiwa na miaka 43, akaacha kwa kuumia mkono. Jumla ni mapambano 115, ameshinda 107, ameshindwa 6, sare 2.

Baada ya kuacha ulingo hali ilizidi kuwa mbaya. Hakukuwa tena na kambi ya mazoezi ya kumtenga na kilevi. Yeye hakutaka tiba. Watu wa familia yake, watoto wakiwemo, ndio waliomfikisha kwenye kituo cha matibabu bila ridhaa yake. Amewashukuru hadharani baadaye, ila siku ile hakuwashukuru.

Kwa nini kituo, si kumfungia chumbani? Niwasimulie niliyoyaona wodini. Mzee mmoja alilazwa kwa mguu uliovunjika. Siku ya pili usiku alianza kutetemeka, akatokwa jasho, akachomoa dripu, akawa anakamata wadudu wasiokuwepo. Ndugu zake walikuwa wameshaanza kutafuta aliyemroga. Kumbe mzee alikuwa akinywa kila siku kwa miaka mingi, na mguu ulipovunjika pombe ilikatika ghafla. Hali hiyo huweza kuleta degedege na hata kuua. Walikuja na mguu, hatukuuliza habari za chupa, nao hawakutuambia kwa aibu. Tangu siku hiyo nauliza kila anayelazwa.

Chávez hajanywa kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Mwaka 2011 jina lake liliingizwa kwenye Jumba la Heshima la ngumi huko Canastota, Marekani. Amefungua vituo vya kutibu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, kimojawapo Tijuana, mji ule wa madereva wa teksi. Mwanawe mwenye jina lake, Julio César, naye alikuwa bingwa wa dunia kati ya mwaka 2011 na 2012, naye amepambana na dawa za kulevya, na safari hii baba ndiye aliyekuwa akitafuta namna ya kumfikisha kwenye tiba. Ugonjwa huu hupenda kurudi katika nyumba ile ile.

Mwezi Juni 2021, akikaribia miaka 59, Chávez alipanda ulingoni Guadalajara kwa pambano la maonyesho. Mimi sikulipenda, kwa sababu ya yale niliyoeleza juu ya ubongo. Ila kwa mtu wa umri ule aliyekunywa namna ile, alisimama vizuri.

Ini lililochoka kwa pombe halimwangushi mtu kwa sekunde moja kama ngumi ya kushoto. Hunyamaza miaka. Dalili zikija, yaani macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu, mara nyingi ugonjwa umeshafika mbali. Usizisubiri. Kama una mtu nyumbani anayekunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kwanza, usimkatize pombe ghafla ukiwa peke yako. Mlete hospitali, hata akija kwa kununa. Na ukimleta utuambie alikunywa lini mara ya mwisho, na kiasi gani cha kweli, kwa sababu hapo ndipo tunajua tuanze na dawa ipi, na tumwangalie kwa karibu usiku upi.